Akaunti usiyoitumia ifunge, usiitelekeze

KATIKA wilaya ya Rungwe si jambo la ajabu siku hizi kumkuta mkulima mmoja ana akaunti tatu au nne za benki. Ya kwanza aliifungua kwa sababu mnunuzi wa majani ya chai alitaka kulipa kupitia benki. Ya pili ni ya mkopo wa pikipiki. Ya tatu alifunguliwa na vijana waliofika kijijini na meza yao chini ya mwavuli, wakaandikisha watu kwa vitambulisho na kugawa kadi bure. Ya nne ni ya kikundi ambacho wenzake wamekwisha kutawanyika, mmoja yuko Mbeya mjini, mwingine Tunduma, mwingine ametangulia mbele ya haki.

Kati ya hizo zote, inayotumika ni moja. Nyingine zimelala. Kadi zake ziko ndani ya sanduku pamoja na vyeti vya watoto, namba za siri zimesahaulika, na laini ya simu iliyounganishwa na akaunti ilipotea zamani.

Sisi tunasema jambo hili si dogo kama linavyoonekana. Akaunti iliyoachwa haijifungi. Inaendelea kuwa na jina lako, inaendelea kukatwa ada kama masharti yake yanaruhusu, na kama ilikuwa ya mkopo inaendelea kuhesabu riba. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na kwa akaunti za namna hii usemi huo unatimia hivyo hivyo.

Tuanze na hasara iliyo wazi kwa kila mtu. Tuseme mkulima wa Kiwira aliacha shilingi 45,000 kwenye akaunti ambayo benki inatoza ada ya shilingi 2,000 kwa mwezi. Kwa mwaka zinakatwa shilingi 24,000. Kabla ya miaka miwili kutimia, akiba yote imekwisha, na hapo hatujahesabu kodi, kwani tangu Julai 2016 huduma za benki zinazolipiwa ada ziliingizwa kwenye wigo wa VAT. Hakuna mwizi aliyeingia nyumbani, na benki haikuvunja sheria. Mwenye fedha hakusoma masharti, wala hakurudi kuuliza.

Fedha za akaunti iliyotulia muda mrefu pia hazibaki pale pale milele. Benki huihesabu akaunti hiyo kuwa imelala na kuizuia isitumike hadi mwenyewe afike. Ikiendelea kutelekezwa kwa miaka mingi, sheria za benki zinao utaratibu wa fedha hizo kukabidhiwa Benki Kuu, na mwenyewe au warithi wake watalazimika kuzidai huko. Haki haipotei, lakini safari ya kuifuata inakuwa ndefu.

Benki zenyewe nazo hubadilika. Mwenye kitabu cha zamani cha NBC anakumbuka kwamba mwaka 1997 benki ile ya taifa iligawanywa, na matawi mengi ya wilayani yakawa ya NMB. Benki ya Posta iliitwa TPB, na tangu mwaka 2021 inaitwa TCB. Januari 2018 Benki Kuu ilizifutia leseni benki tano ndogo kwa mpigo, ikiwamo Benki ya Wananchi Njombe, ambayo ilikuwa katika nyanda hizi hizi za juu kusini. Wakati huo fidia ya Bodi ya Bima ya Amana ilikuwa na kikomo cha shilingi milioni 1.5 kwa mteja. Aliyejua akaunti yake iko wapi na ina kiasi gani alijua pa kwenda kudai. Aliyekuwa ameisahau hakujua hata kama tangazo lile lilimhusu.

Hasara ya pili ni kubwa kuliko hiyo ya ada. Hii ni ya akaunti zenye mkopo ndani yake.

Kadi ya mkopo, ambayo wenzetu wa Ulaya na Marekani huitumia kununulia karibu kila kitu, haijaenea sana Tukuyu. Wapo hata hivyo wafanyabiashara wanaosafiri kufuata bidhaa, watumishi na wenye maduka ya pembejeo ambao wameipata. Tofauti yake na kadi ya kawaida ya ATM ni lazima ieleweke. Kadi ya ATM hutoa fedha zako mwenyewe, zikiisha, imekwisha. Kadi ya mkopo hutoa fedha za benki hadi kiwango ulichopewa, nawe unalipa baadaye pamoja na riba. Ukiitupa kabatini, deni haliko kabatini. Deni liko kwenye vitabu vya benki.

Tuseme deni lililobaki kwenye kadi ni shilingi 200,000 na riba ni asilimia 3 kwa mwezi, inayoongezwa kwenye deni kila mwezi. Baada ya mwaka mmoja bila kulipa chochote deni hilo litakuwa limefika takriban shilingi 285,000, kabla ya faini za kuchelewa na ada ya mwaka ya kadi yenyewe.

Upo mtego mwingine unaowanasa hata walio waaminifu. Mteja anapokea taarifa ya tarehe mosi inayosema anadaiwa shilingi 200,000. Tarehe 20 anakwenda benki, analipa 200,000 kamili na kurudi nyumbani akiamini amemaliza. Lakini kati ya tarehe mosi na tarehe 20 riba ilikuwa inatembea. Kwa mfano wetu ni kama shilingi 4,000. Kiasi hicho kidogo kinabaki, kinazaa, kinavuta faini, na baada ya miezi kadhaa mtu anapigiwa simu kwamba ni mdaiwa. Ndiyo maana anayefunga kadi haulizi “nadaiwa kiasi gani” tu. Anauliza: “Nikilipa siku ya Ijumaa, kiasi cha kumaliza kabisa ni shilingi ngapi?” Kisha analipa siku hiyo hiyo, si wiki inayofuata.

Wengi wetu hatuna kadi za namna hiyo, lakini tunazo ndugu zake. Mikopo ya simu, ile ya kukopa kwa kubonyeza, na ile ya kujaziwa salio linapopungua wakati wa kulipa, inafanya kazi kwa kanuni ile ile. Mtu anakopa shilingi 10,000 kumalizia nauli ya kupeleka ndizi, laini inapotea, ananunua laini mpya ya mtandao mwingine na kusahau. Deni halikusahau.

Na siku hizi deni lina mahali pa kuandikwa. Mwaka 2012 Benki Kuu ilitunga kanuni za taarifa za wakopaji, na mwaka 2013 kampuni za kutunza taarifa hizo zilianza kupewa leseni, ikiwamo Creditinfo Tanzania. Benki hupeleka huko habari za anayelipa na asiyelipa, na kabla ya kutoa mkopo huangalia huko. Mkulima wa Masoko anayeomba mkopo wa kununua miche ya parachichi na mbolea anaweza kukataliwa si kwa sababu shamba lake ni dogo, bali kwa sababu ya deni la kiasi kidogo aliloliacha miaka minne iliyopita kwenye akaunti ambayo hata jina la tawi halikumbuki. Msimu haungoji. Wakati anahangaika kusafisha jina, mvua zimekwisha anza na jirani yake amekwisha panda.

Hasara ya tatu ni ya dhamana. Wapo watu wanaomaliza mkopo, wanashukuru Mungu, halafu hawarudi kuchukua kilichowekwa rehani. Hati ya shamba inabaki benki. Kadi ya pikipiki au ya gari inabaki na jina la mkopeshaji pembeni ya jina la mwenyewe. Miaka inapita, meneja aliyemfahamu amehamishwa, tawi limebadilisha jengo. Siku mwenyewe anapotaka kuuza ile pikipiki au kutumia hati kwa mkopo mwingine, ndipo anaambiwa alete ushahidi kwamba alilipa. Risiti ziko wapi? Ziliwashiwa moto jikoni.

Kulipa rejesho la mwisho si mwisho wa mkopo. Mwisho wa mkopo ni pale unapokuwa na barua ya benki mkononi isemayo hudaiwi, hati yako imerudi, na jina la mkopeshaji limeondolewa mahali lilipoandikwa. Kwa hati ya kimila ambayo rehani yake iliandikwa kwenye masjala ya ardhi ya kijiji, hakikisha na daftari la kijiji nalo limeandikwa kwamba rehani imeondolewa.

Hasara ya nne haimpati mwenye akaunti, inawapata anaowaacha. Mtu akifariki, benki haitoi fedha zake kwa mjane au mtoto kwa kuonyeshwa kaburi. Itataka msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Familia ambayo baba aliacha akaunti moja inayofahamika itafanya kazi hiyo mara moja. Ile ambayo baba aliacha akaunti nne, mbili kati yake hazijulikani, itazunguka kutoka tawi hadi tawi, na pengine itakuta shilingi 3,000 huku na deni la shilingi 90,000 kule.

Kuna pia hatari ya wahalifu. Kadi isiyotumika pamoja na namba yake ya siri, ikiangukia mikononi mwa kijana asiye mwema, inaweza kupokelea fedha za utapeli, na anayetafutwa kwanza ni mwenye jina. Laini za simu ni hivyo hivyo. Tangu usajili wa alama za vidole wa mwaka 2019 na 2020, kila laini ina mwenyewe. Piga *106# uone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, au ya zamani usiyoitumia, nenda ofisi za mtandao husika ikaondolewe. Kabla ya kuachana na laini ya zamani, hakikisha haikuunganishwa na akaunti ya benki unayoitaka wala na namba uliyoandikisha kwenye ruzuku ya mbolea.

Hatusemi kila akaunti ifungwe. Akaunti inayopokea malipo ya kakao iliyouzwa kwa stakabadhi ghalani, au malipo ya AMCOS, usiiguse hata kama inakaa miezi saba bila fedha kuingia. Kilimo kina msimu na akaunti yake ina msimu. Kabla ya kufunga yoyote, muulize katibu wa chama chako ni namba ipi iko kwenye orodha ya malipo. Akaunti ya akiba ya mtoto isiyo na ada nayo iache. Tunazungumzia zile ambazo mwenyewe, akiulizwa ni za kazi gani, hana jibu.

Sasa namna ya kuzifunga. Kazi hii ifanywe kwa utaratibu, siyo kwa hasira ya siku moja.

Kwanza, andika orodha. Kila akaunti, kila kadi, kila mkopo wa simu, jina la benki, tawi na namba. Kaa na mwenzi wako muifanye pamoja, maana akaunti nyingi zinazoleta matatizo ni zile ambazo mmoja hakumwambia mwenzake.

Pili, acha kuitumia na hamisha kinachopita humo. Kama kuna makato ya kila mwezi, bima, ada ya king’amuzi au rejesho la kikundi, yahamishie kwingine kwanza. Ukifunga kabla ya kuhamisha, malipo yatagoma na utadaiwa upande wa pili.

Tatu, nenda tawini mwenyewe. Wakala wa benki aliye karibu na nyumbani anapokea na kutoa fedha, lakini kwa kawaida hafungi akaunti. Chukua kitambulisho cha taifa, kadi na kitabu kama kipo. Akaunti iliyolala huenda ikabidi iamshwe kwanza kwa kujaza fomu. Usikasirike, ni utaratibu wa kujua kwamba mwenyewe ndiye aliyekuja. Anayetoka Kandete au Mwakaleli apange safari hiyo siku anayokuja Tukuyu kwa shughuli nyingine, asipoteze siku ya kuchuma chai kwa jambo moja.

Nne, uliza maneno mawili: kuna salio gani, na kuna deni gani. Kama kuna salio, lichukue au lihamishie akaunti unayoitumia. Kama kuna deni, taka kiasi cha kumalizia kilichoandikwa na tarehe yake. Uliza pia kama kufunga kwenyewe kuna ada, na uonyeshwe kwenye orodha ya ada za benki. Kama kuna ada ambayo huielewi, una haki ya kuelezwa kwa Kiswahili.

Tano, andika barua. Si lazima iwe ndefu. Jina lako, namba ya akaunti, sentensi moja isemayo unaomba akaunti na kadi yake vifungwe kuanzia tarehe fulani, na nyingine isemayo unaomba uthibitisho wa maandishi kwamba hudaiwi. Fanya nakala mbili. Moja iache benki, nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa na urudi nayo nyumbani. Maneno ya mdomo dirishani hayana muhuri.

Sita, kata kadi. Ikate mbele yao, au nyumbani kwa mkasi, kupitia kwenye ile alama ya shaba na kwenye namba. Omba pia huduma ya benki kwa simu iondolewe. Lakini elewa kwamba kukata kadi peke yake hakufungi akaunti. Wapo waliokata kadi wakadhani wamemaliza, na ada ikaendelea kukatwa.

Saba, rudi baada ya mwezi mmoja au miwili kuuliza. Kama barua ya uthibitisho haijatoka, idai. Ikitoka, iweke pamoja na hati za shamba, usiitupe hata baada ya miaka kumi. Na kama ilikuwa akaunti ya mkopo, ombi lako linalofuata la mkopo, popote utakapokwenda, anza kwa kuuliza taarifa yako inasomekaje. Ukikuta bado umeandikwa mdaiwa wakati umelipa, ile barua ndiyo silaha yako.

Kwa vikundi, mambo ni hayo hayo na ziada. Kikundi cha akina mama au vijana kilichofunguliwa akaunti kwa ajili ya mikopo ya asilimia 10 ya halmashauri, ile iliyositishwa mwaka 2023 na kurejeshwa mwaka 2024, hakifungwi na mtu mmoja. Kaeni kikao, andikeni muhtasari, wote waliohudhuria watie saini, ndipo watia saini wa akaunti waende benki na muhtasari huo. Kama kuna deni la halmashauri, kufunga akaunti hakuliondoi. Mwone kwanza ofisa maendeleo ya jamii. Kikundi kilichokufa bila kuaga huwaachia wanachama wake doa, nao wakitaka kuanzisha kingine wataulizwa kuhusu kile cha kwanza.

Wajibu lakini si wa mkulima peke yake. Tunaziambia benki wazi: kufungua akaunti siku hizi ni kazi ya dakika chache chini ya mwavuli sokoni, kwa nini kuifunga iwe safari tatu za Tukuyu? Fomu ya kufunga ikae mahali ilipo fomu ya kufungua. Ofisa anayekwenda kijijini kuandikisha wateja wapya aseme pia, kabla mtu hajaweka dole gumba, ada ni kiasi gani na namna ya kujitoa. Mteja aliyeondoka vizuri anaweza kurudi. Aliyekwama mlangoni atawasimulia wenzake kilabuni, na hao hawatakuja.

Kwa vyama vya msingi na wanunuzi, tunashauri mwanachama asilazimishwe kufungua akaunti mpya kila mnunuzi anapobadilika. Malipo yanaweza kwenda kwenye akaunti aliyonayo, ya benki yoyote. Kulazimishana huku ndiko kulikotuletea masanduku yaliyojaa kadi.

Na kwa mteja anayezungushwa, milango ipo. Kanuni za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha za mwaka 2019 zinamtaka mwenye malalamiko aanze na benki yake, kwa maandishi. Asiporidhika, ayapeleke Benki Kuu, ambayo ina tawi Mbeya mjini, kiasi cha kilomita 70 kutoka Tukuyu. Atakayefika huko na nakala yenye muhuri atasikilizwa upesi kuliko atakayefika na manung’uniko.

Dawa ya deni ni kulipa, hilo tunalijua sote. Tunaongeza kwamba dawa ya akaunti ni kuifunga ukiwa hai, ukiwa na kitambulisho mkononi na wakati wafanyakazi wa tawi bado wanaweza kukutafutia faili lako. Jumapili hii, baada ya ibada, fungua lile sanduku. Hesabu kadi zilizomo. Inayofanya kazi irudishe mahali pake. Zilizobaki zitie mfukoni kwa safari ijayo ya mjini.